Hata Mpapai Usipande

Mimi simwamini mtu anayefagia uwanja usio wake. Ndiyo maana siku ile nilipomwona mpangaji mpya wa Mzee Ambrosi ameinama na ufagio huko nyuma ya vyumba, mahali ambapo sote wa mtaa huu wa Nyololo tulikuwa tunatupa takataka, niliacha kushona. Mimi Prisca, Mama Happy kwa watu wa mtaa, nashona nguo barazani kwangu, na cherehani yangu inatazama uwanja wa Ambrosi. Nikiinua macho tu naona kila kitu. Watu husema mimi ni mmbea. Mmbea ni yule anayesema asichokiona. Mimi nasema ninachokiona.

Mpangaji mwenyewe aliitwa Regina Mihayo, ila tulimzoea kwa jina la Mama Nashoni, kwa ajili ya mwanawe pekee aliyekuwa anachunga ng'ombe wa watu huko Katavi na hakuwa na desturi ya kupiga simu. Msukuma huyo. Wazazi wake walihama Shinyanga wakifuata majani, wakashuka Usangu, naye akakulia kwenye mbuga zile nyuma ya mikia ya ng'ombe. Akaolewa na mtu mwenye zizi, akafiwa na mtu huyo, na ng'ombe wakaisha: wengine kwa ugonjwa, wengine kwa ndugu wa mume waliokuja kuhani na kuondoka na kamba mkononi. Alifika kwetu na kundi la wanawake wa kuvuna viazi. Msimu ulipoisha wenzake walirudi bondeni, yeye akapanga chumba cha nyuma kwa Ambrosi, kile chenye dirisha bovu. Nilimuuliza kwa nini amebaki kwenye baridi hii. Akanijibu, "Huku hakuna anayenijua, dada." Sasa hilo ni jibu la kumfanya jirani alale usingizi? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu kamba yake sikuiona, na ndicho kilichonitia wasiwasi.

Ambrosi naye si mtu wa kumpa mtu kitu bure. Alikuwa nyapara kwenye mashamba ya chai maisha yake yote, na kazi ile ilimwachia tabia ya kumtazama kila mtu kama mvivu anayeficha kapu. Zaidi ya hapo, kulikuwa na habari ya baba yake. Mzee huyo alimwazima mgeni shamba huko Igowole, alime mahindi. Mgeni akalima mahindi, halafu siku moja akachomeka miche ya misindano katikati ya mahindi, na kabla mzee hajajua la kufanya, miti ilikuwa imemzidi kimo. Hadi leo msitu ule unavunwa na watoto wa mgeni. Kwetu huku kila mtu anaijua sheria hiyo, hata kama haijaandikwa popote: ardhi ya kuazima unapanda vya kuvuna mwaka huu, mti hupandi, maana mti ni wa aliyeupanda, na penye mti wake pana haki yake.

Kwa hiyo Mama Nashoni alipomwomba ule uwanja wa takataka afugie kuku, Ambrosi hakujibu mpaka alipomwita mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Crispin, na mimi nikaitwa kama jirani. Tulikaa, tukanywa ulanzi kidogo, ile pombe ya mianzi, ilikuwa ndiyo majira yake. Ambrosi akasimama na fimbo yake.

"Nasema mbele ya watu. Lima mchicha, lima viazi, fuga kuku, fuga hata tembo ukimpata. Lakini mti usipande. Hata mpapai usipande. Siku nikiona mti umesimama hapa, siku hiyo mkataba umekufa, na wewe na mifugo yako mnatoka."

"Nimesikia, mzee," akasema Mama Nashoni.

"Sema tena."

"Mti sipandi."

Mke wa Ambrosi, Bibi Evarista, alikuwa amekaa mlangoni anapepeta maharage. Hakusema kitu. Yule bibi alikuwa hasemi kitu siku zote. Mtu angeweza kukaa naye tangu asubuhi hadi jioni asijue kama anapenda mvua au jua. Walizaa na Ambrosi mabinti watupu, wote wakaolewa mbali. Wanaume wa ukoo walikuwa ni wale watoto wa kaka yake Ambrosi, wanaoishi Mafinga, ambao kila Krismasi huja na gari, hula, kisha huzunguka kiwanja wakikipima kwa hatua kana kwamba mwenyewe ameshazikwa.

Basi Mama Nashoni akaanza. Alichoma takataka, akachimba, akalainisha udongo kwa majivu, kisha kila jioni akawa anarudi na kitu kichwani. Mashine za mbao huku kwetu hazikosi mabanzi, zile pembe za gogo zenye gome zinazobaki mbao zikishapasuliwa. Yeye aliwafagilia wenye mashine unga wa mbao, wakamwachia mabanzi achukue. Kwa Abrahamu, fundi pancha wa pale barabara kuu, alichukua matairi yaliyokwisha, akayapanga kuwa ukuta na mengine akayapasua kuwa mabakuli ya kunyweshea. Kioo cha mbele cha lori, kimepasuka kama utando wa buibui, akakifanya dirisha la vifaranga. Wafanyabiashara wa nyanya kutoka Ilula wakitupa tenga bovu pembeni mwa barabara, yeye alikuwa ameshafika. Friji bovu la baa aliliburuta peke yake, akalilaza chali, akahifadhia pumba humo panya wasifike.

Sisi tuliokuwa tunatazama tulijiuliza maswali. Kitu kimoja kikiokotwa, sawa. Lakini huyu anaokota nyumba nzima? Siku aliyoleta mlango wa mbao nzuri, umepakwa rangi ya kijani, umeandikwa kwa herufi kubwa MWALIMU WA ZAMU, nilishindwa kuvumilia. Nikavuka.

"Mama Nashoni, mlango huu umeutoa wapi?"

"Nimepewa."

"Umepewa na nani mlango wa shule?"

"Wamejenga ofisi mpya, dada. Huu waliutupa kwenye shimo. Nimewapelekea mbolea ya bustani, wakaniambia chukua."

Akaufunga kwenye banda la nguruwe. Nguruwe wake jike akawa analala nyuma ya Mwalimu wa Zamu, na watoto wakitoka shule walikuwa wanampigia saluti. Mimi nilikuwa sicheki. Nilikwenda hadi shuleni kuuliza, nikaambiwa ni kweli, na hata hapo sikuridhika, maana mtu anayejua kujibu vizuri hivyo amejiandaa.

Nguruwe huyo hakumnunua. Alimlelea mama mmoja wa Igowole jike lake kwa ubia, lilipozaa wakagawana, akarudi na kinguruwe ndani ya kiroba. Mtoto wa wafugaji wa ng'ombe, anafuga nguruwe! Aliona aibu kweli. "Baba angeniona, angekufa mara ya pili," aliniambia. Lakini akampa jina la Minza, ambalo lilikuwa la ng'ombe wa mama yake, na jioni alikuwa anamwimbia kwa sauti ya chini zile nyimbo wanazowaimbia ng'ombe wakirudi zizini, na yule nguruwe alikuwa anatega masikio. Baadaye wakaja kuku, wakaja sungura, na simbilisi, vile vinyama vidogo visivyo na mkia ambavyo watu wa huku hufugia jikoni. Yeye alivipangia vyumba ndani ya matenga ya nyanya.

Kitu kilichowaudhi watu ni kwamba alikuwa hahesabu. Ambrosi alipita kila jioni, fimbo mkononi, akisema anakuja kusalimia.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee."

"Kuku sasa ni wangapi?"

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wapo, mzee. Tumshukuru Mungu."

Kwao Usukuma, nilikuja kuambiwa, mtu hahesabu mifugo yake kwa mdomo. Ni kuwaita wapungue. Lakini mwambie hivyo mtu aliyekuwa nyapara. Ambrosi aliondoka akiuma midomo, halafu akazunguka uwanja mzima akichokonoa udongo kwa ncha ya fimbo, anatafuta kinachoota. Mara moja alikikuta: mche wa papai, kimo cha kidole, umejiotea kwenye mbolea. Alisimama juu yake kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mama Nashoni hakungoja aulizwe. Aliung'oa mbele ya macho yake, akawatupia simbilisi, wakautafuna hadi mzizi. Kisha akapiga magoti, akaupekua udongo ule kwa vidole, asije akabakiza mwingine. Hapo nikajua kwamba uwanja ule ndio kila kitu alichokuwa nacho duniani, na kwamba Ambrosi anajua.

Uzio aliujenga mwishoni. Kulikuwa na miti imekatwa kando ya barabara ili njia iwe pana, imeachwa pale, na mingi ilikuwa ya ule mti wa maua mekundu ambao huku tunaupanda mipakani. Ni mti mgumu kufa. Ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini, mvua ikija linachipua, na wewe umeshapata mpaka. Nilipomwona anaburuta magogo yale nikasema moyoni, sasa amefika. Sasa atatuonyesha alichokijia. Nikasogea kutazama. Nikakuta anasimika nguzo kichwa chini: shina nene juu, ncha nyembamba ndani ya shimo.

"Unafanya nini wewe?"

"Uzio."

"Umegeuza miti."

"Ukiisimika sawasawa itachipua," akasema. "Kwetu tunageuza. La sivyo zizi linakuwa msitu." Akapapasa nguzo kwa kiganja. "Na mimi nimeambiwa mti nisipande."

Mwenyewe nilicheka, kwa sababu uzio ule ulikuwa unachekesha, umepanuka juu na kubanwa chini. Lakini haukuchipua. Mvua za kwanza zilikuja zikapita, hakuna jani.

Miezi ile Bibi Evarista akaanza kwenda huko nyuma. Kila alasiri, akishamaliza kazi zake, alitoka na kibakuli cha maganda ya viazi, akawapa nguruwe, kisha akakaa juu ya tairi. Hasemi. Anatazama tu. Mama Nashoni akawa anaendelea na kazi zake, na bibi yupo pale kama kigingi. Mimi nilielewa mara moja: Ambrosi amemtuma mkewe apeleleze. Nikamwonya Mama Nashoni, nikamwambia chunga mdomo wako mbele ya yule bibi, kimya kingi kina mshindo mkuu. Akaniambia na yeye ameshaliona hilo. Ndiyo maana hata simu ya ndugu zake haipokei bibi akiwepo.

Kisha ukaja msiba. Shemeji yake Mama Nashoni alifariki Ubaruku, ikabidi ashuke bonde kuzika. Minza alikuwa na mimba, tumbo linaanza kushuka. Kumwachia nani? Mimi sipendi nguruwe, nilimwambia waziwazi. Akabaki hana budi, akamwachia Bibi Evarista awalishe. Aliondoka akigeuka nyuma mara nyingi kuliko mtu anayekwenda kwenye msiba.

Sasa sikilizeni nilichokiona. Wakati Mama Nashoni hayupo, mchana kweupe, Ambrosi aliingia kule nyuma na panga. Alikaa humo muda wa kutosha mimi kumaliza kupinda sketi, akatoka anajipangusa magoti. Nikamsalimia kwa nguvu ili ajue nimemwona. Akaitikia bila kunitazama. Nilijisemea: Ambrosi, una nini?

Mama Nashoni alirudi, akakuta mifugo wote wazima. Mvua kubwa zikaanza, zile za kuloweka hadi godoro. Na asubuhi moja ukungu ulipopanda, nikiwa nafungua kifuniko cha cherehani, niliona kitu cha kijani kwenye kona ya uzio. Nikadhani ni kitambaa kimepeperushwa na upepo. Nikatazama kona ya pili. Kijani. Nikavuka na kandambili zangu kwenye tope. Nguzo za kona zote nne zilikuwa zimechipua majani, laini, yanang'aa maji.

Mama Nashoni alikuwa ameshaziona. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ndoo mkononi, uso wake umekuwa wa majivu.

"Dada," akasema, "ni nani ameingia kwangu?"

Na alivyonitazama mimi! Nilikasirika. Nikamwambia mimi nina kazi zangu. Lakini kabla hatujafika popote, fimbo ya Ambrosi ilisikika kwenye mawe. Alikuja, akaona, hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nilisema nini mbele ya watu?"

"Mzee, mimi sikupanda."

"Miti imejipanda? Imetoka msituni ikaja kwa miguu?" Akamnyooshea fimbo. "Jumamosi nataka uwanja wangu mtupu. Mabanda yatabaki. Ni fidia."

Hapo mimi nikaelewa, au niliona nimeelewa. Uwanja uliokuwa jalala sasa una mabanda, una mbolea, una udongo mweusi wa kulima chochote. Nani anafaidi Mama Nashoni akiondoka leo? Na nani aliyeonekana na panga? Ukiweka hayo mawili kwenye mizani, mizani inalalia upande mmoja tu.

Habari zikaenea. Siku ya pili yake Isakwisa, muuza kitimoto wa pale kwenye maegesho ya malori, akaanza kupita pita, anachungulia kwenye nyufa za mabanzi akimpima Minza kwa jicho. Nguruwe mwenye mimba ya kuzaa wiki hiyo hiyo, nani atampokea? Hakuna. Mama Nashoni alizunguka hadi Igowole kumwomba yule mama wa ubia, akakuta banda limejaa. Alirudi amelowa, akakaa kwenye tairi. Akaniambia, "Nikimtoa Minza sasa hivi atatupa mimba. Nikimwacha, ni wa Ambrosi." Kisha akalia, bila kuficha uso. Mtu niliyemshuku muda wote ule, nikajikuta nina hasira kwa niaba yake hata nikashona mkono wa gauni upande usio wake.

Nikaenda kwa Mzee Crispin. Nikamwambia: ulikuwa shahidi wa mwanzo, njoo uwe shahidi wa mwisho.

Alikuja Ijumaa, kabla mvua ya mchana haijaanza. Tulikaa hukohuko uwanjani, wazee kwenye matenga, mimi kwenye friji. Abrahamu fundi pancha alikuja pia, akisema amekuja kutazama matairi yake. Bibi Evarista alikuwa kwenye tairi lake la kila siku, kibakuli mapajani.

Ambrosi alisema yake. Akaeleza masharti, akaeleza habari ya baba yake na shamba la Igowole, na sauti yake ilipofika hapo ilikatika. Hakuwa anaigiza, kidonda kile ni cha kweli. "Walimchukulia baba ardhi huku anawatazama," akasema. "Mimi sitachukuliwa."

Crispin akamgeukia Mama Nashoni. "Haya, mama. Miti ni hiyo, tunaiona."

"Baba mwenyekiti, naomba mtazame nguzo zote. Msitazame hizo nne tu."

Tukainuka, tukazunguka uzio. Mimi nilikuwa najua tunachotafuta, wengine hawakujua, hadi Abrahamu alipoweka mkono juu ya nguzo moja akasema, "Mbona hii imegeuzwa?" Akaenda ya pili, imegeuzwa. Ya tatu, imegeuzwa. Uzio mzima, shina juu, ncha chini. Tulipofika kona, nguzo imesimama kama miti yote inavyosimama: nene chini, nyembamba juu, na majani yake. Kona nyingine, vivyo hivyo. Udongo wa kuzunguka zile nne ulikuwa umeshindiliwa kwa mguu, vizuri sana.

"Mimi nageuza," akasema Mama Nashoni. "Mama Happy huyu alinicheka. Kama ni mimi niliyezisimika hizi, kwa nini nisizigeuze? Kuna mtu ametoa za kwangu za kona, akaweka zake."

Halafu, polepole, macho yetu yote yakaenda kwa Ambrosi. Yangu yalikuwa ya kwanza, sioni haya.

"Mnanitazama mimi?"

"Ulionekana huku na panga," nikamwambia. "Mwenyewe hayupo, amekwenda kuzika. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta miche! Nilijua lazima atakuwa ameficha mche mahali!" Akachoma udongo kwa fimbo. "Mimi nipande mti kwenye ardhi yangu, ili iweje? Mnadhani nimerukwa na akili?"

"Ili upate mabanda," nikasema.

"Prisca, nyamaza wewe!"

"Ni mimi," akasema Bibi Evarista.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama mtu anayeitikia akiulizwa nani amefunga kuku. Ambrosi hakuelewa. "Ni wewe nini?"

"Hizo nne nimezisimika mimi. Nilizikata kule mpakani kwa chini. Nilifanya asubuhi asubuhi, huyu mama akiwa msibani na wewe umekwenda kanisani."

"Mdala, mke wangu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Nani alikuruhusu kupanda mti hapa?"

"Ulimkataza Mama Nashoni," akasema bibi. "Mimi hukunikataza."

"Sikukukataza kwa sababu sikudhani—"

"Najua. Hukudhani."

Akaweka kibakuli chini. Mikono yake haikuwa na pa kukaa, akaishikilia kanga. Mimi sijawahi kumsikia bibi yule akisema maneno mengi kwa mkupuo, na nadhani hata mumewe hakuwahi.

"Nimekuja kwenye kiwanja hiki msichana. Mahindi nimepanda mimi. Maharage, viazi, njegere, kila kinachong'olewa mwaka hadi mwaka kimepita mikononi mwangu. Mti sijapanda hata mmoja. Ile miparachichi ni yako, misindano ni ya kaka yako. Wale vijana wa Mafinga wanapima hapa kwa hatua nikiwa nimesimama nao, wananipita kama nguzo. Siku ukilala, Ambrosi, watakuja kuhani, na baada ya arobaini wataniuliza nina nini hapa. Nilitaka kiwepo kitu cha kuwajibu." Akapumua. "Nimemtazama huyu mama. Kila kitu chake kilikuwa kimetupwa. Nikasema na mimi nitajiwekea kona zangu."

Mama Nashoni alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. "Mama, kwa nini hukuniambia? Nilikuwa nafukuzwa!"

"Ningekuambia, ungezing'oa."

Hilo lilikuwa kweli, angezing'oa usiku huohuo. Lakini nilimkasirikia bibi hata hivyo, na bado namkasirikia. Alimwacha mwenzake atembee hadi Igowole kwenye mvua akiwa analia, naye anajua. Kuhusu kumshuku tangu mwanzo, sijutii. Mtu akikaa kimya namna ile lazima umshuku. Nilikosea tu nani alimtuma. Hakuna aliyemtuma.

Mzee Crispin alikuna kidevu muda mrefu. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe na watu wakanywe chai, na hili halikutaka kuisha. Mwisho akasema, "Mzee Ambrosi, sheria hii umeileta mwenyewe, sisi hatukuitafuta. Mti ni wa aliyeupanda. Si ndivyo ulivyosema sasa hivi? Kona zote nne zina miti ya Bibi Evarista. Basi wa kusema habari ya uwanja huu ni yeye."

"Huyo ni mke wangu!"

"Ndiyo. Tunamjua."

Wote tukamgeukia bibi. Akasema Mama Nashoni atabaki, na mifugo yake, na kwamba Minza asihamishwe popote mpaka azae na watoto waache ziwa.

Ambrosi akatupa fimbo chini. Akaenda hadi kwenye nguzo ya kona iliyokuwa karibu, akaikumbatia kwa mikono miwili, akaivuta. Majani yakatikisika, maji yakammwagikia shingoni. Akavuta tena, akikunja magoti, akigumia, na nguzo haikusogea. Ilikuwa imeshashika chini. Alikuwa mzee, na ule mti huhitaji wanaume wawili. Akageuka anahema, akatutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumsaidia kung'oa.

Crispin alitazama viatu vyake. Abrahamu alitazama matairi. Mimi nilikunja mikono yangu kifuani na kumtazama usoni, ajue.

Hakuna aliyesogea. Bibi Evarista aliokota kibakuli chake, akampita mumewe karibu kabisa bila kumgusa, akafungua mlango, akaingia kumpa nguruwe maganda.